Derby Alikuwa Nani? Mbio za Farasi na Majina ya Watu wa Hadithi

Wiki ya Simba na Yanga jiji hili halina habari nyingine. Jioni moja ya wiki kama hiyo nilikuwa Magomeni, kwenye benchi la muuza kahawa, pamoja na mpwa wangu aliye mwaka wa pili chuoni. Nyuma yetu kulikuwa na kibanda cha kubeti chenye runinga tatu ukutani: moja mpira, moja mbwa, moja farasi. Redio ya muuza kahawa ilikuwa haipitishi dakika tano bila kutaja dabi ya Kariakoo. Mpwa wangu akageuka kutazama runinga ya tatu.

"Mjomba, hii dabi maana yake nini hasa? Mbona hata wale farasi wameandikiwa Derby?"

Nikamwambia Derby ni jina la mtu. Hakuamini. Nikaanza kumweleza, na kahawa ikaisha kabla ya maelezo, kwa sababu ndani ya swali lake kulikuwa na maswali matatu yaliyosokotana: mbio za farasi hupataje jina, kwa nini nyingine huitwa kwa mabwana wakubwa na nyingine kwa watu wa hadithi za kienyeji, na kwa nini majina ya aina ya kwanza yamefika mpaka Kariakoo ilhali ya aina ya pili hayavuki hata mpaka wa jimbo lake.

Kwanza tuwaweke pembeni wale farasi wa kibandani. Hawapo. Ni picha za kompyuta, mbio zao huanza na kwisha kila baada ya dakika chache, na mshindi huamuliwa na programu. Majina ya mbio hizo huwekwa ili yafanane na ya kweli, basi. Ninayoyazungumzia hapa ni mbio za farasi wenye damu, kwato na jasho.

Derby huyo alikuwa bwana mkubwa wa Uingereza, Earl wa 12 wa Derby. Mwaka 1779 yeye na marafiki zake walianzisha mbio za farasi majike wa miaka mitatu huko Epsom, kusini mwa London, wakaziita Oaks kwa jina la nyumba yake ya mapumziko. Mwaka uliofuata, 1780, wakaanzisha nyingine, za majike na madume pamoja. Husimuliwa kwamba jina la hizo lilipatikana kwa kurusha sarafu kati yake na rafiki yake Sir Charles Bunbury. Sarafu ikamwangukia Derby. Ingemwangukia mwenzake, leo redio ya muuza kahawa ingekuwa inatangaza "Bunbury ya Kariakoo". Bunbury hakuondoka mikono mitupu, kwani farasi wake, Diomed, ndiye aliyeshinda mbio za kwanza kabisa.

Jina Diomed ni la shujaa wa Wagiriki wa kale, Diomedes, ambaye katika masimulizi ya vita vya Troya ndiye aliyeshinda mashindano ya magari ya kukokotwa na farasi. Kwa hiyo mtu wa hadithi alikuwapo Epsom tangu siku ya kwanza, ila alikuwa kwenye jina la farasi, na jina la mbio likabaki la bwana mwenye nyumba. Tofauti hii ndiyo inayowachanganya watu wengi. Farasi ana jina lake, mbio zina jina lake, na mara nyingine kimoja humzaa mwenzake.

Chukua Nashville, Marekani. Kuna mbio za kuruka viunzi zinazoitwa Iroquois, zilizoanza mwaka 1941. Anayesikia jina hilo hufikiri mara moja juu ya Wairokwa, mataifa ya wenyeji wa asili wa kaskazini-mashariki mwa nchi ile. Lakini mbio hizo zimeitwa kwa farasi. Farasi Iroquois alishinda Derby ya Epsom mwaka 1881, akiwa wa kwanza aliyezaliwa Marekani kufanya hivyo, na baadaye akatunzwa kama dume la mbegu huko Nashville. Watu wakampa farasi jina, na farasi akazipa mbio jina. York nako, Uingereza, kuna mbio zinazoitwa Gimcrack, kwa jina la farasi mdogo wa karne ya 18 aliyependwa sana. Gimcrack alikimbia York mara mbili na mara zote mbili alishindwa. Wakampenda hivyo hivyo.

Jina kamili la mbio huwa na vipande. Mbele anakaa mdhamini, ambaye leo ni benki na kesho ni kiwanda cha bia. Katikati ndipo lilipo jina lenyewe. Nyuma kuna neno la aina. Derby, kwa desturi, ni za farasi wa miaka mitatu. Handicap ni zile ambazo farasi hodari hubebeshwa uzito zaidi ili wote wakaribiane. Stakes maana yake ni madau, kwa sababu zamani wenye farasi walichanga ada, na mchango huo ndio uliokuwa zawadi ya washindi. Mdhamini huja na kuondoka, neno la aina hurudiwa dunia nzima. Kipande cha katikati ndicho chenye habari, na ndicho kinachoweza kubeba mtu wa hadithi.

Twende New York. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, wenye uwanja hutenga siku moja kwa farasi waliozaliwa ndani ya jimbo lile tu. Miongoni mwa mbio za siku hiyo kuna Sleepy Hollow Stakes, na kuna Maid of the Mist Stakes, zote za farasi wa miaka miwili, hizi za pili za majike peke yao.

Sleepy Hollow ni bonde lililo kando ya mto Hudson, na ni hadithi iliyoandikwa na Washington Irving mwaka 1820. Mwalimu wa shule, Ichabod Crane, mtu mwoga na mpenda kula, anatoka kwenye karamu usiku akiwa amepanda farasi mzee wa kuazima. Njiani anafukuzwa na mpanda farasi asiye na kichwa. Wenyeji wanasema huyo ni askari wa Kijerumani aliyeng'olewa kichwa na mzinga katika vita vya uhuru wa Marekani, na kila usiku hutoka kukitafuta. Ichabod anakimbilia daraja la karibu na kanisa, kwa kuwa inaaminika mzuka hauvuki pale. Anavuka, anageuka kutazama, na yule mzuka anamvurumishia kichwa. Asubuhi inaonekana kofia, na kando yake boga lililopasuka. Mwalimu haonekani tena.

Nani atakataa kwamba hizo ni mbio za farasi? Jina limekaa mahali pake: ni mbio, ni za huko huko, na ni za Oktoba, mwezi ambao Wamarekani husimuliana habari za mizuka. Irving hakuyabuni yote peke yake. Alichanganya visa vya Waholanzi waliolowea bonde lile na visa vya Kijerumani alivyovisoma, akavipa makazi. Hadithi ikaota mizizi kiasi kwamba mwaka 1996 wakazi wa kijiji jirani, North Tarrytown, walipiga kura na kukibadilisha jina rasmi, kikawa Sleepy Hollow. Kwanza mahali palizaa hadithi, kisha hadithi ikapabatiza mahali.

Maid of the Mist, Binti wa Ukungu, ni kisa cha maporomoko ya Niagara. Toleo lililoenea linasema binti wa wenyeji alishuka na mtumbwi kwenye maporomoko, wengine wakidai alitolewa sadaka, na mungu wa radi anayeishi nyuma ya maji akampokea. Boti za watalii za pale zimebeba jina hilo tangu mwaka 1846. Shida ni kwamba wenye kabila linalosingiziwa hawalikubali toleo la sadaka. Wanasema wahenga wao hawakuwa watu wa kuwatosa mabinti majini, na kwamba kisa kiliongezwa chumvi na wageni ili kiuzike. Mwaka huo huo wa 1996, baada ya malalamiko yao, kampuni ya boti iliacha kuwasimulia abiria habari za sadaka. Jina likabaki kwenye boti, na likabaki kwenye mbio.

Hapa nilimwona mpwa wangu ameweka simu chini. Nikamuuliza kama ameona kitu. Hakukiona, nami ilinichukua muda mrefu kukiona: mbio zote mbili zimefungiwa farasi wa nyumbani. Aliyeyachagua majina hayo alitaka kusema "hawa ni wetu", na hakuna namna ya kulisema hilo iliyo rahisi kuliko kutaja hadithi ambayo mtoto wa pale ameisikia kabla hajajua kusoma. Jina la bwana mkubwa halidai kwamba uijue habari yake. Unaweza kusema Derby miaka hamsini bila kumjua Derby, na neno likafanya kazi yake. Jina la mtu wa hadithi hudai msikilizaji anayeijua hadithi. Ukilihamisha, linabaki sauti tupu.

Si kanuni ya chuma. Louisiana, jimbo la kusini mwa Marekani, kuna mbio zinazoitwa Jean Lafitte Stakes, katika uwanja wa Delta Downs mjini Vinton. Lafitte alikuwa mtu wa kweli, mfanya magendo na haramia wa vinamasi vya Barataria, aliyekubali kulisaidia jeshi la Marekani katika vita vya New Orleans mwaka 1815. Baada ya hapo akageuka kisa: kila ghuba ya pwani ile ina mzee atakayekuonyesha alipofukia dhahabu. Ni mtu wa historia aliyevishwa ngano, kama sisi tunavyobishana Fumo Liyongo alikuwa mtu au utenzi.

Jimbo hilo hilo lina uwanja mzima wenye jina la mtu wa kubuni. Evangeline Downs ulianza mwaka 1966 na sasa uko Opelousas. Evangeline ni binti wa shairi la Longfellow, mshairi wa Kimarekani, la mwaka 1847, anayetenganishwa na mchumba wake pale Waingereza walipowafukuza Waakadia, watu wa asili ya Kifaransa, kutoka Nova Scotia, Kanada ya leo. Kufukuzwa kwenyewe ni kweli, kulianza mwaka 1755, na wajukuu wa waliofukuzwa ndio wanaojaza majukwaa ya uwanja ule. Lakini binti alitoka kwenye kalamu. Haikuzuia kitu. Wenyeji wa St. Martinville wakampata Evangeline "wa kweli", wakampa jina jingine, wakauonyesha na mti wa mwaloni aliokaa chini yake akisubiri. Uwanjani mtangazaji huzifungua mbio kwa Kifaransa, akitamka kwamba wameondoka. Sijui salamu nzuri kuliko hiyo kwa watu ambao lugha yao ilikuwa ikipigwa marufuku mashuleni.

Japani wana njia nyingine, ya kalenda. Kila Julai, Fukushima, hukimbiwa Tanabata Sho, mbio za mita 2000. Tanabata ni sikukuu ya siku ya saba ya mwezi wa saba, na nyuma yake kuna kisa kilichotoka China: Orihime mfuma nguo na Hikoboshi mchunga ng'ombe walipendana wakasahau kazi, wakatenganishwa na mto wa nyota, wakaruhusiwa kuonana usiku mmoja tu kwa mwaka. Katika masimulizi mengi huvuka kwa daraja la ndege wanaotandaza mbawa, ndege wa ukoo wa kunguru. Sisi wa Dar, tunaoamshwa na kunguru alfajiri, hatujawahi kuwafikiria kwa wema kiasi hicho. Wapenzi hao ni nyota mbili, ambazo dunia inaziita Vega na Altair. Majina hayo yametoka kwenye Kiarabu, kwa hiyo ni ndugu wa majina ambayo manahodha wa mwambao huu walisafiria. Mwaka 2011, baada ya lile tetemeko kubwa, uwanja wa Fukushima haukutumika, mbio zikakimbiwa Nakayama, uwanja mwingine wa Japani. Uwanja ulibadilika, jina na msimu vikabaki, kwa kuwa lile ni jina la usiku mmoja wa mwaka, na usiku huo unaonekana kutoka Nakayama vilevile.

Sasa turudi kwetu. Mbio za farasi za kweli zilizo karibu nasi ziko Nairobi, katika uwanja wa Ngong unaotumika tangu mwaka 1954. Mbio zake kubwa ni Kenya Derby, Kenya Oaks, Kenya St Leger na Kenya Guineas. Tazama msururu huo. Derby ni bwana mkubwa na Oaks ni nyumba yake. St Leger ni mwanajeshi aliyeanzisha mbio Doncaster, Uingereza, mwaka 1776. Guineas ni sarafu, gini, iliyokuwa zawadi, na sarafu hiyo ilipata jina lake kwa sababu dhahabu iliyoanza kuitengeneza ilichukuliwa pwani ya Guinea, Afrika Magharibi. Afrika imo ndani ya jina, ila iliingia kama dhahabu.

Na upeoni mwa uwanja ule kuna vilima vya Ngong, vyenye vilele vinne. Wamasai wanasimulia kwamba vilele hivyo ni vifundo vya ngumi ya jitu lililojikwaa kwenye Kilimanjaro likaanguka na kukita mkono chini. Jitu lilijikwaa upande wetu wa mpaka, likaangukia upande wao. Lingekuwa jina la mbio za ajabu. Naliona pengo hilo kila ninaposoma orodha ya Ngong, na linaniuma kidogo.

Na Dar? Kuna Gymkhana, upande wa Ocean Road. Wengi wetu tunaijua kwa gofu, lakini neno lenyewe lilitoka India ya Waingereza, na hutumika kwa michezo ya farasi. Hata hivyo mwambao huu haukuwa nchi ya farasi kamwe. Mbung'o wa bara hueneza nagana, na visubi hueneza ule unaoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua farasi wengi wasiochanjwa. Punda huuhimili vizuri zaidi, ndiyo sababu Lamu wana mbio za punda kila Maulidi, vijana wakiwapanda bila tandiko kandokando ya bahari. Sisi wa Dar na Zanzibar tulipotaka kushindana kwa kasi tulipandisha tanga: ngalawa.

Mpwa wangu alikuwa ameshachangamka. "Basi tungekuwa na uwanja, tungeziita Mbio za Liyongo!"

Nikamkatalia, na bado nakataa. Liyongo hakumbukwi kwa kukimbia. Anakumbukwa kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, kwa minyororo aliyoikata huku ngoma ikiunguruma nje ya gereza, kwa mwanawe aliyemchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Kisha akapiga goti kisimani na upinde mkononi, akafa hivyo hivyo, na mji mzima ukakaa siku kadhaa bila maji kwa kuogopa maiti. Ukuu wake wa mwisho ni kutulia. Ukimpa mbio za farasi umechukua jina ukaacha habari.

Kuna majina ambayo hata yangefaa nisingeyagusa. Wazaramo na Waluguru walikuwa wakienda kwa Kolelo, kwenye pango la milima ya Uluguru, kuomba mvua. Kolelo ni wa wenyewe, na wapo wazee wanaolitamka jina hilo kwa kuinamisha sauti. Kulibandika nyuma ya jina la bia ili watu wabeti kungekuwa kurudia ya Niagara kwa mikono yetu. Anayetaka jina la hadithi aanze kwa wenye hadithi, awaulize, na akiambiwa hapana atafute jingine.

Sungura na kobe? Hizo tayari ni mbio, na katika masimulizi mengi ya kwetu kobe hashindi kwa subira. Anawapanga ndugu zake njia nzima, kila sungura akiita, kobe mmoja anaitika mbele yake. Ni kisa kitamu, lakini kwa mbio za madau kingewapa watu mawazo mabaya.

Kipo kimoja kinachofaa. Bibi yangu alikuwa akitusimulia, na ni hadithi ya Zanzibar iliyokwisha kuandikwa tangu karne ya 19. Mwana wa sultani amechukuliwa na mchawi, analelewa katika nyumba yenye funguo nyingi. Siku moja mwenye nyumba hayupo, kijana anafungua chumba na kumkuta farasi amefungwa, na farasi anasema. Anamweleza kwamba bwana wao hula watu, kwamba sufuria kubwa la samli litatiwa moto, na kwamba akiambiwa apande juu ajibu hajui, aombe aonyeshwe kwanza. Mchawi anapanda kumwonyesha. Kijana anamsukuma ndani, kisha anampanda farasi, na wanakimbia.

Mpwa wangu akaniuliza farasi huyo anaitwa nani, ili tujue mbio zingeitwaje. Nikajaribu kukumbuka sauti ya bibi, mpaka pale kijana anaposhika manyoya ya shingo na mlango unafunguka. Hakumpa jina. Alisema farasi tu.